Mbona pwani ya California ina mawingu na baridi mwezi wa sita? Jibu kwa mama wa Goma

"Binti yangu anaishi San Diego, California, na mume wake na mtoto wa miezi minne. Nyumba yao iko Ocean Beach, karibu kabisa na bahari. Kila nikimpigia simu ya video, saa kumi na moja ya jioni nikishafunga duka hapa Birere, nyuma yake mbingu ni kijivu tupu, naye amevaa pulova. Hali hiyo ilianza mwezi wa tano na sasa tuko katikati ya mwezi wa sita. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Wifi yake anakaa El Cajon, nusu saa kwa gari, na yeye analalamikia joto. Kaka yangu anayeleta mizigo kutoka Dar es Salaam anasema pwani zote ni joto, kwa hiyo huo ni moshi wa viwanda au kuna volkano imeficha jua. Binti anasema baridi inamchosha, nguo hazikauki, na siku nyingi hana hata hamu ya kuamka. Nimemshauri anunue makala aote moto. Je, mtoto atakosa jua? Wahamie El Cajon? Na hali hii itaisha lini?"

Mama, asante kwa kuuliza moja kwa moja. Kabla sijagusa mawingu, kuna la haraka: ushauri wa makala uufute leo hii. Hapa Goma mbabula, yaani jiko la makaa, hukaa barazani au kwenye jiko la nje, na nyumba ya mbao ina mianya mingi ya kupitisha hewa. Nyumba ya kule imezibwa kila pembe. Makala yanayowaka ndani yake hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu huilalia asiamke tena. Kwa sababu hiyo hiyo, wasiwashe jiko la gesi ili kupasha chumba joto. Sheria ya California inamtaka mwenye nyumba ya kupanga aweke chombo cha kupasha joto kinachofanya kazi. Kama kimekufa, binti amwandikie, na nakala ya barua abaki nayo. Kama nyumba inatumia gesi, lazima pia kuwe na kengele ya kugundua hewa hiyo ya sumu. Ina kitufe cha kuijaribu, na inafaa kubonyezwa kila mwezi.

Sasa tuangalie saa unayopiga simu, maana hapo pana jambo. Wakati huu wa mwaka Goma imeitangulia San Diego kwa saa tisa. Ukifunga duka saa kumi na moja ya jioni, kule ni saa mbili ya asubuhi, saa ambayo mawingu ya pwani ile bado ni mazito kabisa. Kwa maneno mengine, siku zote hizo umekuwa ukiutazama mji ule katika saa yake mbaya. Mara nyingi mawingu hufunguka kati ya saa nne ya asubuhi na saa saba ya mchana. Siku moja vumilia usingizi, piga saa tano ya usiku. Kule itakuwa saa nane ya mchana, na huenda ukaliona jua begani mwa mjukuu wako. Sisemi kwamba binti anatia chumvi. Ocean Beach iko ukingoni mwa maji, mahali ambapo wingu huondoka mwisho, na ziko siku, pengine tatu au nne mfululizo, ambapo haliondoki hadi usiku unaingia.

Kwa habari ya moshi na volkano, ondoa wasiwasi. Moshi wa Nyiragongo unaujua: unanuka kiberiti, unakereketa koo, na majivu yake hubaki kwenye mabati na kuharibu maji ya mvua. Wingu la San Diego ni matone madogo ya maji, ukungu uliojiinua mita mia chache kutoka ardhini. Kaka yako hajakosea kila kitu, kwa sababu hali ya hewa inayotengeneza wingu hilo huweza pia kufungia moshi wa magari chini yake, na mji wa Los Angeles ulisumbuliwa sana na jambo hilo. Lakini kijivu chenyewe unachokiona kwenye simu ni maji.

Kuhusu pwani kuwa joto, kaka anasema alichokiona kwa macho yake. Bahari ya Hindi pale Dar es Salaam ina maji ya nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima, na hewa inayotoka juu yake huja na joto na unyevu. Tofauti ni kwamba Dar iko upande wa mashariki wa bara la Afrika, na San Diego iko upande wa magharibi wa bara lake. Katika sehemu hizi za dunia zisizo mbali sana na ikweta, pwani za magharibi kwa kawaida zina maji baridi, na pwani za mashariki zina maji ya moto. Kila kitu katika swali lako kinaanzia hapo.

Baridi ya maji hayo inatoka sehemu mbili. Kwanza kuna mkondo wa bahari unaoshuka kutoka kaskazini, upande wa Kanada, ukipita kando ya California hadi Meksiko. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kuanzia mwezi wa nne hivi upepo huvuma kwa nguvu ukifuata pwani kutoka kaskazini-magharibi. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu hayaendi sawasawa na upepo. Katika nusu ya kaskazini ya dunia husukumwa kuelekea kulia kwake, na huku maana yake ni kwenda mbali na nchi kavu. Maji hayo yakiondoka, nafasi yake lazima ijazwe, na kinachoijaza ni maji ya chini, ya kina cha mita mia na zaidi, ambayo hayajaonja jua. Katikati na kaskazini mwa California maji ya pwani wakati huo huwa nyuzi 10 hadi 13. San Diego iko kusini zaidi, kwa hiyo mwezi wa tano na wa sita bahari yake huwa nyuzi 16 hadi 19. Maji ya juu ya Ziwa Kivu, ambayo hata asubuhi hayaumi mwili, yana nyuzi 24 hivi. (Kivu maji ya chini hayapandi namna hiyo, kwa kuwa ni mazito kwa chumvi na gesi iliyoyeyuka ndani yake, na ni heri yaendelee kukaa huko huko.)

Hewa inayopita juu ya maji hayo baridi nayo hupoa kuanzia chini na kujaa unyevu. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hukaa chini, kama tabaka la mita 300 hadi 600 lililotandazwa juu ya bahari na ukingo wa nchi.

Juu ya tabaka hilo mambo ni tofauti kabisa. Katika bahari ya Pasifiki, kati ya California na Hawaii, kuna eneo kubwa ambalo hewa hushuka polepole kutoka juu. Wanasayansi huliita eneo la mgandamizo mkubwa. Huwa dhaifu wakati wa baridi, kisha huongezeka nguvu na kusogea kaskazini kadiri jua linavyopanda. Hewa inayoshuka hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na ikibanwa hupata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Hewa iliyoshuka kutoka mita 3,000 hadi mita 600 imeongeza nyuzi 24 hivi bila kuguswa na moto wowote. Tena ni kavu. Inapofika juu ya lile tabaka la bahari haiwezi kupita, kwa kuwa nyepesi haiwezi kuzama ndani ya nzito. Inatulia pale juu kama kifuniko.

Watu wa Goma hawahitaji somo refu kuhusu hewa nzito kukaa chini, kwa sababu tunayajua mazuku, ile hewa nzito yenye sumu: yale yanayojikusanya kwenye mashimo na mabonde, yakiua mbuzi aliyeinamisha kichwa huku mwenye mbuzi aliyesimama hajahisi kitu. Hewa ya bahari ya San Diego haina sumu yoyote, lakini inajilaza vivyo hivyo. Inajaza fukwe na mabonde ya chini, na aliye kilimani juu ya usawa wake yuko katika hewa nyingine.

Hapa ndipo elimu yetu ya Kivu inapotupoteza. Sisi tumezoea kwamba ukipanda, baridi inaongezeka. Kutoka Goma, mita 1,500 hivi, hadi ukingo wa Nyiragongo, mita 3,470, joto hupungua nyuzi kumi na kitu, ndiyo maana wapandaji hukodi makoti. Hata Kibumba peke yake inatosha kukufanya utafute shuka. Kwa hiyo mtu wetu akisikia San Diego iko usawa wa bahari, anahesabu: nimeshuka mita 1,500, basi nitaota joto. Asubuhi ya mwezi wa sita hesabu hiyo inageuka juu chini. Ufukweni unaweza kukuta nyuzi 16 na kijivu, na kwenye milima ya mashariki ya mji, mita 1,000 juu, ukakuta nyuzi 25 na jua kali, huku chini yako mawingu yametanda meupe hadi upeo wa macho. Mkwe wako akiwa na gari, siku ya mapumziko awapeleke Julian au Mount Laguna. Mwendo ni saa moja na kidogo, na binti ataelewa jambo hili kuliko nitakavyoweza kulieleza.

Wingu lenyewe huzaliwa pale tabaka mbili zinapokutana. Ndani ya tabaka la bahari hewa inakorogwa na upepo. Ile inayopanda hupoa, na ikikaribia kifuniko unyevu wake hugeuka matone. Kwa kuwa haiwezi kuvuka, wingu halipandi. Linajitandaza kama mkeka, unene wa mita mia mbili au tatu tu. Ndiyo sababu mvua hainyeshi. Wingu la mvua la Goma hupanda kilomita nyingi angani kabla ya kumwaga. Hili limekatazwa kupanda, na lenye bidii sana hutoa manyunyu yanayolowesha kioo cha gari na basi. San Diego hupata mvua ya milimita 250 hivi kwa mwaka mzima, na karibu yote hunyesha katika miezi ya baridi, wakati Goma hupata zaidi ya milimita 1,000. Kwa hiyo binti asisubiri mvua ije kusafisha mbingu, haiji.

Usiku wingu hunenepa, kwa sababu sehemu yake ya juu hupoteza joto kuelekea angani na kupoa zaidi. Jua likichomoza linaanza kulila kutoka chini: mwanga kidogo unaopenya hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa, matone hukauka. Lakini juu ya bahari hakuna ardhi ya kupata moto, na upepo wa bahari huendelea kuleta wingu jipya. Kwa hiyo linafunguka kuanzia bara kuja pwani. El Cajon inaweza kuona jua saa tatu ya asubuhi, mitaa ya katikati saa tano, Ocean Beach saa saba au isione kabisa. El Cajon iko kilomita 25 hivi kutoka bahari, nyuma ya vilima vinavyozuia sehemu ya hewa baridi, na mwezi wa sita mchana hufika nyuzi 28 au 30. Ukiendelea mashariki hadi jangwa la Imperial, mwendo wa saa mbili, wastani wa mchana katika mwezi huo huo ni kama nyuzi 40. Wifi hadanganyi, binti hadanganyi.

Lililobaki ni kwa nini mwezi wa tano na wa sita, na si mwezi wa kwanza, ambao kwao ndio wa baridi. Mwezi wa kwanza San Diego ina siku nyingi za jua safi. Kifuniko cha juu wakati huo ni dhaifu, dhoruba zinapita na kuikoroga hewa yote, na upepo mkavu kutoka jangwani hufagia pwani mara kwa mara. Mwisho wa kipindi cha kuchipua mambo yote yanakutana kwa pamoja: bahari bado imeshika baridi ya miezi iliyopita na maji ya chini yanapanda kwa nguvu, eneo la mgandamizo limekomaa, na jangwa limeanza kuchemka. Jangwa likichemka hewa yake huinuka, na hewa ya bahari huvutwa kuja kuziba pengo. Yaani kadiri bara linavyozidi joto, ndivyo pwani inavyovutiwa baridi. Mara nyingine upepo hujizungusha karibu na kisiwa cha Catalina, kaskazini-magharibi mwa San Diego, na kulinenepesha tabaka usiku mmoja tu. Hapo ndipo mnapata zile siku za kijivu mfululizo.

Pwani hiyo haiko peke yake. Lima, mji mkuu wa Peru, hukaa miezi mingi chini ya wingu la namna hii. Pwani ya Angola na Namibia inayo. Hata Congo yetu inayo, kwenye ile pwani fupi ya Muanda na Banana, kama kilomita 40 tu. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa maji ya Atlantiki upande ule hupoa, na kiangazi cha Muanda, Matadi hadi Kinshasa kinakuwa cha mawingu ya chini, baridi kidogo na bila mvua, wakati Lubumbashi katika miezi hiyo hiyo ina mbingu ya bluu tupu. Kama una ndugu Kinshasa, muulize kuhusu asubuhi za mwezi wa saba.

Itaisha lini? Kwa kawaida mwezi wa saba bahari inafika nyuzi 20 hivi, wingu linakuwa jembamba na kuondoka mapema. Mwezi wa nane na wa tisa ndiyo miezi ya joto ya San Diego, na hata wa kumi unaweza kuwa moto kuliko wa sita, upepo wa jangwani ukianza. Miaka haifanani: bahari ikiwa na joto kuliko kawaida mawingu hupungua, ikiwa baridi zaidi yanaweza kuendelea hadi katikati ya mwezi wa saba. Mwakani mwezi wa tano yatarudi. Wenyeji wanayahesabu kama sisi tunavyohesabu masika.

Mkwe wako anayesoma Kiingereza anaweza kujua ya kesho kwa dakika mbili. Ofisi ya meteo ya serikali iliyopo San Diego hutoa maelezo ya watabiri kila siku, na puto la vipimo hurushwa mara mbili kwa siku kutoka Miramar kupima kina cha tabaka la bahari. Atafute kina hicho, kimeandikwa kwa futi. Kikiwa futi 1,000 hivi, yaani mita 300, wingu litabana pwani na bara litafunguka mapema sana. Ufukweni linaweza kugusa ardhi kabisa na kuwa ukungu. Kikiwa futi 2,000, asubuhi litafika hadi El Cajon na kuchelewa kuondoka. Kikizidi futi 3,000 watarajie manyunyu na siku ya kijivu karibu mji mzima. Kina kirefu kina nafuu moja: wingu linakuwa juu, barabara za chini zinaonekana vizuri. Hatari ya udereva iko pale barabara inapopanda kilima na kuingia ndani ya wingu lenyewe. Apunguze mwendo kabla ya kuingia, na awashe taa za chini. Taa za juu humrudishia mwanga machoni.

Baridi anayoisikia binti inastahili kuelezwa kwa haki, maana vipimo peke yake vinaweza kumfanya aonekane analia bure. Mchana wa mwezi wa sita Ocean Beach ni nyuzi 20 au 21, usiku 15 au 16. Usiku wa Goma nao uko karibu hapo hapo. Kinachokosekana ni jua la mchana: sisi hupata nyuzi 25 na jua la utosini, tukaukausha mwili na nyumba. Yeye ana upepo wenye unyevu, kuta ambazo hazijapata joto kwa wiki nyingi, na pengine nyumba ya zamani isiyoshika joto. Avae nguo nyepesi mbili tatu badala ya pulova moja nene, kwa sababu akipanda basi kwenda kwa wifi yake atazivua moja moja njiani.

Nguo hazikauki kwa sababu asubuhi hewa imeshiba maji, haina pa kupokea mengine. Azikamue kwenye mashine mara mbili, azianike saa tano ya asubuhi na kuziingiza saa kumi ya jioni, kabla umande wa bahari haujarudi, hata kama zimebaki na ubichi kidogo. Azimalizie ndani karibu na dirisha lililo wazi, wasizitundike chumba anacholala mtoto. Unyevu ukibaki ndani huleta kuvu, yale madoa meusi ya pembeni mwa dirisha na nyuma ya kabati. Vitanda na makabati viachwe sentimita 10 kutoka ukutani, madirisha yafunguliwe mchana jua likitoka, feni ya bafuni iwashwe kila mtu akioga. Doa dogo linaoshwa kwa maji na sabuni, kisha linakaushwa vizuri. Likizidi ukubwa wa mita moja kwa mita moja, au likirudi kila mara, hapo pana maji yanayovuja au ukuta mbovu, na ni kazi ya mwenye nyumba. Mtoto akianza kukohoa usiku au kifua kupiga filimbi, aende kwa daktari bila kungoja mwezi uishe.

Jua la mtoto lisikusumbue kama unavyofikiri. Mtoto aliye chini ya miezi sita hashauriwi kuanikwa juani hata mahali penye jua tele. Madaktari wa watoto wa Marekani wanapendekeza kila mtoto anyonyaye apewe matone ya vitamini D, vizio 400 kwa siku, tangu siku za kwanza, iwe kuna mawingu au la. Binti amuulize daktari wa mtoto kama ameshaandikiwa. Kama bado, aliseme wazi, hasa kwa kuwa ngozi yetu nyeusi hutengeneza vitamini hiyo polepole zaidi. Na wakubwa wajue kwamba miale inayochoma ngozi hupenya mawingu membamba kwa sehemu kubwa.

Kama wanapenda kuogelea, wasiyapime maji yale kwa Kivu. Kwenye maji ya nyuzi 17 misuli huishiwa nguvu haraka, na bahari ina mikondo inayovuta kwenda ndani, kitu ambacho ziwa letu halifanyi. Waingie mbele ya kibanda cha waokoaji tu.

Kuhamia El Cajon: mimi nisingehama kwa sababu ya mwezi wa sita peke yake. Faida zipo, jua na kodi ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko ya ufukweni, na tena kuna ndugu, jambo kubwa kwa mama mwenye mtoto mchanga. Lakini mwezi wa nane El Cajon hufika nyuzi 32, na siku za mawimbi ya joto huvuka 38. Hapo wifi atakuwa analipia umeme wa kupoza nyumba, na binti atakuwa amefungua dirisha akipata hewa ya bahari bure. Wakae mwaka mmoja mzima, waone miezi yote, ndipo waamue. Kama hamu ya jua ni kubwa, kuna njia ya kati: kartie kama City Heights, zaidi ya kilomita 10 kutoka bahari, ambako wingu huondoka mapema na joto si kali kama bondeni. Kabla ya kusaini mkataba, waende kuiona nyumba mara mbili, asubuhi na tena saa tisa ya mchana.

Neno moja katika barua yako limenizuia kuliko mawingu yote: kwamba siku nyingi hana hamu ya kuamka. Wiki za kijivu huweza kumpunguzia mtu furaha, na kutembea nje kila siku mchana, hata chini ya wingu, husaidia. Lakini mwanamke aliyejifungua miezi minne iliyopita, mbali na mama yake, akikosa hamu kwa zaidi ya wiki mbili, halali hata mtoto akilala, analia bila sababu au haoni furaha kwa mtoto, huo unaweza kuwa ugonjwa wa huzuni baada ya uzazi. Unajulikana, unatibika, na haumaanishi kwamba ni mama mbaya. Hali ya hewa haiwezi kuutibu hata jua likitoka kesho. Mpigie leo umuulize taratibu, peke yake, mume akiwa kazini. Akikuambia kwamba amewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asikae peke yake, na aende hospitali ya dharura siku hiyo hiyo. Kama ni huzuni bila mawazo hayo, achukue miadi wiki hii na daktari wake au kliniki aliyojifungulia. Anapopiga simu ya miadi aombe mkalimani wa Kiswahili: hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kumpatia bila malipo, kwa hiyo asikubali mume au jirani ndiye atafsiri maneno ya namna hiyo.